Kijana Kumfundisha Mtoto: Somo la Roboti Katika Likizo ya Kipupwe

Kila mwaka ifikapo Juni shule za Nyanda za Juu Kusini hufungwa kwa likizo, na wanafunzi wa sekondari hurudi makwao mjini Mbeya, mjini Iringa na katika vijiji vilivyo kandokando ya miji hiyo. Huo ni wakati wa kipupwe, tena ni wakati wa mavuno ya mahindi. Kazi za shamba ni nyingi, lakini zikipangwa vema hubaki saa mbili au tatu za alasiri ambazo kijana hana la kufanya nazo, wala mdogo wake wa shule ya msingi hana. Makala haya yanaeleza namna saa hizo zinavyoweza kutumiwa kwa somo la roboti, ambalo ndani yake mwanafunzi wa kidato cha pili, cha tatu au cha nne huwaongoza watoto wa darasa la nne hadi la sita kuunda chombo kidogo kinachofuata mwanga.

Ndugu msomaji, yako mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni umeme wa chombo chenyewe. La pili ni ufundishaji: ni nani hasa anayejifunza pale kijana anapomfundisha mtoto? Tutaonyesha kwamba wote wawili hujifunza, na pengine kijana hujifunza zaidi, lakini kwa sharti moja gumu. Hapana budi kijana azuie mkono wake usiifanye kazi ya mtoto, na alipokee swali la mtoto hata likionekana la kipuuzi.

1. Roboti ni nini?

Watu wengi wakisikia neno roboti hufikiri sanamu ya chuma yenye mikono na miguu. Katika sayansi maana yake ni pana zaidi. Roboti ni mashine yenye uwezo wa kufanya mambo matatu kwa mfuatano: kuhisi hali iliyoizunguka, kuamua la kufanya kwa kufuata kanuni iliyowekewa, na kutenda. Redio si roboti, kwa kuwa haihisi kitu kikabadili mwendo wake. Taa ya barabarani inayojiwasha yenyewe giza linapoingia imeanza kukaribia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu wa ubongo aitwaye William Grey Walter, aliyefanya kazi mjini Bristol, Uingereza, aliunda mashine mbili ndogo zenye magamba, akaziita kobe. Kila kobe alikuwa na jicho moja la kuhisi mwanga, kihisi cha mguso, na mota mbili. Hapakuwa na kompyuta ndani yake, lakini kobe hao walizunguka chumbani, wakakwepa vizuizi na kufuata taa. Mwaka 1984 mtaalamu mwingine wa ubongo, Valentino Braitenberg, alitoa kitabu kilichoeleza vyombo vya kufikirika vya aina hiyo, akaonyesha kwamba nyaya chache zaweza kuzaa tabia inayofanana na woga au upendo. Chombo tutakachounda ni ndugu wa hao.

Wala gharama isitutishe. Mwaka 2012 Mtandao wa Roboti wa Afrika uliendesha mashindano ya kubuni roboti ya kufundishia kwa bei ya takriban dola 10 za Marekani. Mmojawapo wa washindi aliunda chombo chake kutokana na kidhibiti cha mchezo wa kompyuta, akatumia pipi za kijiti kuwa uzito wa kukisawazisha.

2. Vifaa na muundo

Kwa kila kikundi cha watoto watatu yahitajika mota mbili ndogo za volti 3 hadi 6, kama zile za wanasesere au za redio kaseti zilizokufa. Betri nne za tochi za volti 1.5, transista mbili, mathalan aina ya BD139, vihisi mwanga viwili, rezista mbili za omu 220 na mbili za omu 10,000, dayodi mbili, waya, konekta za kufungia kwa bisibisi, na swichi moja. Mafundi redio wa Mwanjelwa mjini Mbeya, au wa Miyomboni mjini Iringa, aghalabu wana vyombo vibovu ambavyo vifaa vingi kati ya hivi hupatikana ndani yake.

Mwili wa roboti hauhitaji duka. Kipande cha mbao nyepesi au cha boksi gumu chatosha. Magurudumu hukatwa katika malapa yaliyochakaa, kama watoto wanavyofanya siku zote wanapotengeneza magari ya waya. Mbele huwekwa kizibo cha chupa ya maji kiteleze sakafuni, na nyuma hukaa magurudumu mawili, kila moja na mota yake.

Sakiti ya upande mmoja ni hii. Kutoka ncha chanya ya betri, waya wa kwanza huingia kwenye mota, kisha hutoka kwenda kolekta ya transista. Emita huunganishwa na ncha hasi. Waya wa pili hutoka ncha chanya, hupita kwenye kihisi mwanga, kisha kwenye rezista ya omu 220, na kuishia kwenye besi ya transista. Rezista ya omu 10,000 huunganisha besi na ncha hasi. Dayodi hufungwa sambamba na mota, mstari wake ukielekea upande chanya; kazi yake ni kuikinga transista mota inapozimwa. Upande wa pili hufanywa vivyo hivyo.

Kila kihisi kivishwe mrija mfupi wa karatasi nyeusi ili kione upande wake tu. Sasa lije jambo kuu: kihisi cha kushoto kiendeshe mota ya kulia, na kihisi cha kulia kiendeshe mota ya kushoto. Tochi ikiwaka upande wa kushoto, gurudumu la kulia litazunguka na roboti itageukia kushoto, yaani itaufuata mwanga. Nyaya za vihisi zikibadilishwa, kila kihisi kikaendesha mota ya upande wake, roboti ile ile itaukimbia mwanga. Mtoto anayebadilisha nyaya mbili kwa mkono wake na kuona tabia ya mashine imegeuka, ameonja maana ya kuamuru mashine kabla hajagusa kompyuta.

3. Hesabu yake kwa wanafunzi wa sekondari

Gizani ukinzani wa kihisi mwanga wa kawaida hufika omu 100,000 au zaidi. Volti kwenye besi wakati huo ni takriban

6 × 10,000 ÷ 110,220 = volti 0.54.

Transista ya silikoni huanza kufunguka karibu na volti 0.6 hadi 0.7, kwa hiyo imefungwa na mota imelala.

Chini ya mwanga wa tochi ukinzani waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Volti za besi zikiwa 0.7, mkondo unaopita kwenye kihisi ni

(6 − 0.7) ÷ (1,000 + 220) = ampea 0.0043, yaani miliampea 4.3.

Sehemu ndogo sana ya mkondo huo, chini ya miliampea 0.1, hupita kwenye rezista ya omu 10,000. Uliobaki huingia kwenye besi. Ukuzaji wa transista ukiwa 100, transista yaweza kuruhusu zaidi ya miliampea 400. Mota ndogo inayohitaji miliampea 200 itazunguka bila shida. Mwanafunzi na ajiulize: ukuzaji ukiwa 40 tu, mota hiyo itapata mkondo wa kutosha?

4. Kwa nini afundishe kijana?

Mtu atauliza: kwa nini kazi hii asiachiwe mwalimu? Jibu la haraka ni kwamba mwalimu mmoja hawezi kukaa na vikundi kumi kwa wakati mmoja. Lakini liko jibu zito zaidi.

Katika shule zetu za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana wa kidato cha tatu aweza kukariri kanuni ya Omu kwa Kiingereza, akaitumia katika mtihani na kupata alama zote, bila kujua kama ameielewa. Siku anapomweleza mtoto wa darasa la tano hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyokariri. Mtoto atauliza, “Kaka, mota ikishakula umeme, unaobaki unakwenda wapi?” Hapo kijana hugundua kwamba naye alidhani mota hula mkondo. Kumbe mkondo unaoingia kwenye mota ni sawa na unaotoka. Kinachotolewa ni nishati. Mfano ufaao ni wa kinu cha maji: maji yanayotoka chini ya gurudumu ni mengi sawasawa na yaliyoingia juu, ila yamepoteza kimo. Kijana aliyelazimika kuutafuta mfano huo kwa lugha ya nyumbani hatausahau.

Uchunguzi umethibitisha jambo hili. Mwaka 1982 Peter Cohen, James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya matokeo ya tafiti 65 kuhusu wanafunzi waliofundishwa na wanafunzi wenzao. Waliona kwamba waliofundishwa walipata maendeleo, na waliofundisha pia walipata maendeleo, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi katika hisabati kuliko katika kusoma. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kwamba wanafunzi walioambiwa wamfundishe mhusika wa kubuni ndani ya kompyuta walitumia muda mwingi zaidi katika kujifunza kuliko wenzao waliojisomea kwa faida yao wenyewe. Mtu hujitahidi zaidi anapokuwa na mwingine anayemtegemea.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipojitahidi kumpatia kila mtoto elimu ya msingi kufikia mwaka 1977, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa kufundisha huku wakiendelea kupata mafunzo. Kazi yao ilifungua milango ya madarasa kwa watoto wengi mno. Vile vile ilitufunza kwamba kijana asiyeandaliwa vya kutosha hubebeshwa mzigo unaomzidi. Mwaka 1978, katika maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, ulianzishwa mjini London mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ambao uliwapa watoto wakubwa jukumu la kuwafundisha wadogo kanuni za afya. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi.

5. Mkono wa mkubwa

Hatari kubwa ya somo hili haitoki kwenye umeme, maana volti 6 hazidhuru mtu. Hutoka kwenye mkono wa kijana. Mtoto anahangaika na waya. Kijana anaona kosa mara moja. Anasema, “Lete, mdogo wangu,” anachukua bisibisi, na baada ya dakika mbili roboti inatembea. Watu wanapiga makofi. Lakini mtoto amegeuzwa mtazamaji, na alichojifunza ni kwamba roboti ni kazi ya wakubwa. Jambo hili huwapata wasichana zaidi. Katika vikundi vya mchanganyiko mvulana hushika bisibisi na msichana hupewa daftari aandike, wala hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Tena malezi yetu humfundisha mtoto kumheshimu mkubwa wake. Ni malezi mema, lakini yana upande wake wa pili: mtoto aweza kuona wazi kwamba dada amefunga waya mahali pasipo pake, akanyamaza kwa adabu. Uzuri wa roboti ni kwamba haimwamkii mtu. Sakiti ikiwa na kosa haitembei, hata kama imefungwa na kijana wa kidato cha sita. Ikiwa sahihi itatembea, hata kama imefungwa na mtoto wa miaka tisa. Mtoto hahitaji kumkosoa kaka yake mdomoni. Yatosha aombe chombo kijaribiwe.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kanuni nne:

(a) Kijana haruhusiwi kugusa chombo cha watoto ila kwa ajili ya usalama. Akitaka kuonyesha jambo, na alionyeshe kwenye chombo chake mwenyewe.

(b) Kazi ya fundi, ya mpimaji na ya mwandishi zibadilishane kila siku, ili kila mtoto, msichana kwa mvulana, ashike kila chombo.

(c) Chombo kikikataa, kijana aanze kwa kuuliza: ulitegemea nini kitokee? Umeona nini? Tuanze kukagua wapi?

(d) Swali lisilo na jibu liandikwe ubaoni, lisichekwe.

Kulehemu kwa risasi kufanywe na wakubwa tu, mahali penye hewa, na mikono ioshwe baadaye. Betri za simu zisitobolewe, na umeme wa ukutani usitumike kabisa.

6. Swali la baridi

Kanuni ya mwisho yastahili kutazamwa kwa makini, hasa na watu wa Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa na sukari, alioutia kwenye jokofu ukiwa bado moto, uliganda kabla ya ule wa mwenzake uliotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye aliendelea na masomo ya juu Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa na wenzake. Hakukata tamaa, alijaribu mwenyewe kwa maji katika maabara. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile mbele ya wote. Osborne hakulidharau. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza. Leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana juu yake. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walisema vipimo vyao havikuonyesha ushahidi wa athari hiyo. Mabishano hayo yenyewe ni ushahidi kwamba swali lilikuwa na thamani. Mahali aliposoma sasa ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, panapoandaliwa walimu.

Basi na tufikirie swali litakalozuka bila shaka katika likizo ya kipupwe. Mjini Mbeya alfajiri ya Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mtoto akiijaribu roboti asubuhi, kisha akaijaribu tena mchana, huenda akauliza, “Dada, mbona asubuhi inavuta miguu? Nayo inaona baridi?” Ni rahisi kucheka. Lakini betri hutoa mkondo kwa mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko hayo hupungua kasi katika baridi. Grisi ya gia nayo huwa nzito. Tena mrija wa karatasi huenda ulisogea, au betri zimeanza kuisha. Ni sababu ipi?

Chukueni seti mbili za betri mpya za aina moja. Seti moja ilale nje dirishani usiku kucha, ya pili ilale ndani mahali pa joto la kawaida, mbali na moto. Asubuhi pimeni kwa saa muda ambao roboti hutumia kwenda mita 2 kwenye sakafu ile ile na tochi ile ile, mara tano kwa kila seti, mkipokezana. Hapo roboti ni moja na betri tu ndizo zimetofautiana. Siku inayofuata betri zote zilale ndani, na roboti ndiyo ilale nje. Mkibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, mtaweza kutenganisha sababu ya betri na sababu ya grisi. Matokeo yoyote mtakayopata, hata kama hakuna tofauti, yaandikeni kama yalivyo.

7. Mpango wa wiki mbili

Siku mbili za kwanza ni za vijana peke yao pamoja na mwalimu. Kila kijana aunde chombo chake na ajizoeze kukieleza kwa Kiswahili. Siku ya tatu na ya nne watoto wachore na kujenga mwili. Siku ya tano hadi ya saba wafunge sakiti, upande mmoja kwanza. Siku ya nane wabadilishe nyaya na kuandika tofauti waliyoiona. Siku ya tisa wachunguze swali lao wenyewe, na jaribio la betri lipangwe tangu jioni iliyotangulia. Siku ya kumi wazazi waalikwe, na watoto ndio waeleze. Vijana wakae nyuma. Ushauri wa kiufundi waweza kuombwa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi, au katika vituo vya VETA na ofisi za SIDO za Mbeya na Iringa.

Tangu mwaka 2017 yamekuwapo mashindano ya kimataifa ya roboti kwa vijana, ambamo kila nchi hutuma timu moja, na vijana wa Tanzania walishiriki tangu yale ya kwanza yaliyofanyika Washington. Nafasi hizo ni chache. Lakini alasiri ya likizo ipo katika kila kijiji, na kila darasa la sekondari lina vijana wenye wadogo nyumbani.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa Kiswahili chepesi, bila kutumia kanuni, kwa nini mota haili mkondo wa umeme. Msomee mtoto wa darasa la tano maelezo yako, kisha mwambie akueleze alivyoelewa.

2. Roboti inafanya kazi vizuri darasani, lakini ikitolewa nje kwenye jua la mchana inakwenda moja kwa moja bila kugeuka. Taja sababu, na pendekeza marekebisho mawili.

3. Kokotoa upya mkondo unaoingia kwenye besi iwapo betri zimechakaa na kubaki na volti 4.8.

4. Kwa walimu: katika siku moja ya somo, hesabu mara ambazo kijana amegusa chombo cha watoto na mara ambazo mtoto ameuliza swali. Fanya hivyo tena baada ya siku tatu, kisha jadili na vijana mabadiliko mliyoyaona.